Sanamu Yako Iliyofunikwa Khanga

Mke wangu Tabitha,

Nakuandikia nikiwa uani kwetu, Kinondoni. Tangu tukuzike, nyumba hii imekuwa kubwa kupita kiasi.

Sanamu uliyoiunda bado imesimama pale ukutani. Siku ya msiba akina mama wa jumuiya waliifunika khanga, waombolezaji wasije wakaona mwanamke asiye na kichwa. Jirani yetu, Mzee Sefu, alipofika aliinama mbele yake akasema, "Pole sana, dada. Kazi ya Mungu haina makosa." Alisubiri, kisha akaninong'oneza, "Mwalimu, huyu dada amenuna, au ni uchungu?" Nilicheka. Nikageuka nikuhadithie, nawe hukuwapo.

Nilikuudhi sana kwa sanamu hiyo. Uliporudi kutoka masomoni Roma ulinieleza ulivyoiona ya asili katika jumba la makumbusho: mungu wa kike wa Warumi wa kale, wa marumaru, kichwa na mikono vimevunjika, lakini goti limesukuma vazi mbele kana kwamba anatembea. Ukaiunda upya kwa saruji. Nikakuambia kwamba kazi isiyokamilika haionyeshwi kwa wageni. Ukanijibu, "Kichwa sikukiona. Nimbunie uso mtu nisiyemjua?"

Wiki hii zamu ya ibada ya jumuiya ilifika kwetu. Mama Neema, mwenyekiti wetu, alisema hawataimba mbele ya sanamu ya kipagani. Niivunje, ama ibada ihamie kwake. Watu hao, Tabitha, ndio pekee wanaoingia humu siku hizi.

Nilichukua nyundo. Nilipoondoa khanga, niliona alama za vidole vyako kwenye mikunjo ya vazi, juu kidogo ya goti. Miaka yote ile sikuwahi kuisogelea kiasi cha kuziona. Niliweka kidole changu katika alama moja, nikashindwa... Nyundo nimeirudisha stoo.

Ibada wanaifanya leo kwa Mama Neema, nyumba ya tatu kutoka hapa. Viti nilivyoazima vimebaki vitupu mbele yangu. Wameanza wimbo ule uliokuwa ukiuimba sauti ya pili. Mimi naimba ya kwanza, polepole, peke yangu.

Pumzika, mke wangu. Ninakuahidi kwamba sanamu yako haitavunjwa nikiwa hai, hata kama zamu ya kwetu haitarudi tena.

Mumeo,
Yohana