Kichwa cha Punje

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Ghala la Mbao.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. U hali gani, mama yangu wa pili? Magoti yanasemaje na ngazi za huko? Sisi wazima, na safari hii nikisema wazima si kwa mdomo tu. Mama Punje amepona mshono wa uzazi, sauti imerudi, ananifokea kama zamani. Punje naye hajambo mno. Ndiye aliyenikalisha kuandika.

Najua umeninunia kwa ukimya wangu. Una haki. Ila sikuwa na la kukwambia isipokuwa hofu, na hofu haitumwi kwa mtu aliye mbali.

Tulipotoka hospitali na njiti wetu wa miezi saba, niliogopa hata kumshika kwa haya makucha ya fundi makochi. Anapumua mwenyewe, basi tukashukuru. Nani angehangaika na kichwa? Mimi! Si unanijua, kiti kikipinda unene wa ukucha silali. Nikaona kisogo kimebonyea upande wa kulia, na sikio la upande huo limesogea mbele. Nikasema ni macho yangu. Baadaye likaonekana hata kwa jirani, yule ambaye mdomo wake hauna breki.

Hapo hofu ikanishika. Niliwahi kusikia kwamba mifupa ya kichwa ikifunga kabla ya wakati, mtoto hupasuliwa. Yaani kichwa kile, kidogo kama chungwa, kipitishwe kisu? Nilikuwa nalia karakana, nikiulizwa nasema vumbi la sponji.

Sasa cheka. Badala ya kukimbilia kliniki nikafanya ninachokijua: nikashona mto. Mahameli, sponji ya daraja la kwanza, tundu katikati kama kata ya kubebea ndoo. Mama Punje akagoma, mto hauingii kitandani mpaka nesi auone. Basi tukaubeba hadi kliniki ya watoto njiti. Nesi akaugeuza, akasifu pindo, nami nikavimba kichwa. Halafu akasema, "Baba Punje, mto mzuri sana. Ukalie wewe."

Chumba kizima cha akina mama kikaangua kicheko, na mwanamume ni mimi peke yangu! Kumbe kitanda cha mtoto mchanga hakitaki mto hata mmoja. Uso ukizama, pumzi hakuna. Alale chali, juu ya godoro bapa na gumu. Nilipofikiria ambacho kingetokea, aibu ikaniisha, ikabaki hofu.

Akatufundisha kwa mwanasesere. Fuvu la njiti ni laini, likilaliwa upande mmoja linabonyea. Akauliza kitanda cha mtoto kimekaaje. Shangazi, kimegandana na ukuta upande wa kushoto. Mlango, dirisha, mama yake, mimi na nyundo yangu, wote tuko kulia. Sasa mtoto atazame ukuta, ana kesi nao?

Tukaanza upya. Leo tunamlaza kichwa huku, kesho kule ilipokuwa miguu, ili akitaka kutuona ageukie upande wa pili. Kumbeba, mkono huu kisha ule. Akiwa macho tunamlaza kifudifudi, kifuani petu au mkekani, nasi tumemkodolea macho. Kumkanda kichwa au kumfunga kitambaa, marufuku. Kulala kifudifudi ndiko kulikotutesa. Alilia kama tumemwonea, mama yake anataka kumnyanyua, mimi pia nataka, tunaishia kutazamana tu.

Juzi daktari alimpapasa utosi na maungio ya fuvu, akamgeuza shingo huku na huku. Hakuna kilichofunga. Hapasuliwi, Shangazi! Kisogo kinajaa chenyewe, na kikibaki kasoro kidogo nywele zitasitiri. Mimi nilimshukuru daktari mara tatu. Mama Punje alilia mpaka nesi akadhani tumepewa habari mbaya.

Bado tunamgeuza, na bado hapendi. Leo asubuhi nilimlaza kifudifudi mkekani, nami nikalala chini mbele yake, namwimbia upuuzi wangu. Akaguna. Kichwa kikatikisika, kikaanguka, kikapanda tena, kikasimama. Akanitazama. Nilimwita mama yake kwa ukelele, akaja mbio na mwiko mkononi akidhani kuna msiba.

Msalimie sana mzee wa hapo kwako, na binamu zangu pacha, waambie wana mdogo wao wa kumtania. Mama Punje anakuamkia, na mama mkwe anakuombea heri. Mungu akupe afya na maisha marefu, umshike mtoto huyu kwa mikono yako.

Shangazi, tangu tutoke hospitali nilikuwa namwangalia kisogo tu. Leo ndiyo kwanza nimemwona uso. Ana macho yako.

Mwanao akupendaye daima,
Baba Punje