Umbali wa Angani, Kakuma hadi Lodwar

S.L.P. 94,
Lodwar.
18 Mei 2025

Mpendwa mpwa wangu Ekiru,

Nakusalimu katika jina la Bwana aliye hai. Ejok? Hujambo? Afya yako na ya watoto zikoje katika baridi ya huko Winnipeg? Sisi tu wazima, na mvua imetuzidi hata mbuzi wamechoka kulowa.

Kabla hujasoma zaidi, ujue kwamba mama yako Akeno yu hai, amefanyiwa upasuaji na anakula uji. Sasa nikueleze jinsi Mungu alivyotushindia.

Jumanne utumbo ulimsokota akiwa Kakuma. Daktari wa huko akasema asipofikishwa Lodwar siku hiyo hiyo kupasuliwa, tutampoteza. Barabara ilikuwa imekatwa na mafuriko. Ikabaki ndege ndogo ya misheni, iliyokuwa imetua hapa kwetu.

Nilikwenda kiwanjani na binti yangu Abigael, yule mwalimu. Karani wao, Bwana Mureithi, kijana mwungwana aliyehamia hapa karibuni, alitupokea kwa huzuni. Mafuta yaliyokuwamo, akiba ikiisha kutengwa, yalitosha kilomita mia tatu, na safari ya kwenda tu ilikuwa mia moja na tisini. Kurudi isingewezekana.

Nilimwuliza hesabu hiyo ameitoa wapi. Unajua desturi yetu: atakaye kujua umbali huwauliza madereva wa malori. Naye aliwauliza, nao wakamtajia njia wanayoipita sasa, ile ya kuzungukia Lorugum kuyakwepa maji ya laga, yaani mto wa msimu.

Abigael akashika kiuno. “Mwalimu anauliza, kaka: ndege yenu nayo inazunguka laga?”

Hata wapagazi walicheka. Mureithi mwenyewe akacheka, kisha akampa kalamu.

Binamu yako hufundisha hisabati, nawe wamjua hana subira. Alitafuta katika simu latitudo na longitudo za viwanja viwili. Kila nyuzi moja huku kwetu, karibu na ikweta, ni kama kilomita mia na kumi na moja, upande wowote uendao. Akapata sitini na sita kuelekea kaskazini, themanini na mbili kuelekea magharibi. Akazidisha kila moja kwa yenyewe, akajumlisha, akatafuta kipeuo cha pili. Mimi nilikuwa nimefumba macho nikiomba.

“Baba, fumbua! Mia moja na tano!”

Kwenda na kurudi, mia mbili na kumi. Mureithi alikimbia kumwita rubani, Bwana Boris, ambaye hakuwa ameambiwa lolote. Akatazama vyombo vyake, akakubali hesabu, akauliza mbona hatukumwita mapema. Akapanda bila kungoja jibu.

Ekiru, nimehudhuria sikukuu nyingi za kanisa, lakini sijapata kuimba kama nilivyoimba ndege ile ilipogusa ardhi ya Lodwar na mama yako ndani. Mureithi alishika machela upande mmoja, nami upande wa pili.

Mama yako alifumbua jicho moja, akanitazama. “Kumbe Kakuma ni karibu hivi,” akasema, “na wewe hujaja kunitembelea tangu Krismasi!”

Binamu zako wadogo, Nakeno na Namuria, wanakusalimu sana. Abigael anasema umpigie. Aliyemtunza mama yako angani akutunze nawe nchi ya mbali, wewe na nyumba yako yote. Amina.

Mimi mjomba wako, nikupendaye na kukuombea kila alfajiri,
Mzee Yohana Lokwawi