Alama Iliyofutwa kwenye Bwawa la Mama

Mshauri mpendwa, naomba msaada, na ukinigombeza nigombeze tu, nimestahili.

Mume wangu hutengeneza programu za kompyuta, na miaka tisa sasa kazi yake ni moja, kuwasaidia askari wa wanyamapori, wao wakiona nyayo za tembo, mtego wa waya au gugu geni wanapiga picha kwa simu na programu yake inaweka alama kwenye ramani hata pasipo na mtandao, kabla yake walikuwa wanaandika kwenye madaftari yanayolowa mvua, na Mshauri, mtu huyu namwonea fahari, kampuni kubwa zimemwita akakataa, anakwenda kulala kwenye mahema yao ili aone vidole vyenye matope vinavyohangaika na vitufe, akirudi anavikuza vile vitufe, wenyewe wanamwita Jicho.

Sasa mwezi uliopita alama nyekundu, iliyowekwa na askari wa muda ambaye ameshaondoka, ikatokea kwenye ramani hiyo nyuma ya nyumba ya mama yangu. Ni magugu maji, yale yenye maua ya zambarau, mama aliyatia bwawani baada ya baba kufariki na kila jioni hukaa hapo kuyatazama, na bwawa likijaa humwagikia kijito kiendacho ziwa la hifadhi, nami nikijua fika kwamba askari watayang'oa yote nikamwambia, "Baba watoto, ifute hiyo, ni mama yangu." Akasema, "Unajua unaniomba nini?" Nikalia. Akaifuta.

Tangu siku hiyo hacheki. Jana askari walimpigia, magugu yameonekana mdomoni mwa kijito, pale ndege wanapotagia, na hii ni siku ya tatu wanatafuta yanakotoka, wanasema, "Jicho, mbona ramani haituonyeshi kitu?" Akajibu atatazama, kisha akaenda kujifungia bafuni. Anasema hana uso wa kumwambia mama mkwe, nami naogopa kumvunja moyo mama. Nifanye nini?

Mke wa Jicho

Mke wa Jicho, umeomba kugombezwa, basi kaa vizuri.

Umeolewa na mtu adimu. Wanaojua kompyuta ni wengi, lakini wa kulala hemani kwa ajili ya ukubwa wa kitufe simjui mwingine. Na mtu huyo ukamzidi nguvu kwa machozi! Askari wanaiamini ramani yake kwa sababu haimwonei mtu haya. Ikificha bwawa moja, kesho watajiuliza imeficha mitego mingapi. Na gugu halina habari kwamba mmefuta alama, lenyewe linazaana tu.

Najua ulimhurumia mama yako, sikulaumu kwa hilo. Ila mficha maradhi kilio humuumbua.

Leo, kabla hamjala, airudishe alama na awapigie askari aseme mwenyewe kwamba aliifuta. Watakasirika. Waache wakasirike, hawajasahau yale madaftari.

Kwa mama uende wewe. Mkwe hatumwi kumwambia mama mkwe aondoe maua yake, hiyo ni kazi ya mtoto wa kuzaa. Kaa naye hapo hapo bwawani, na usianze na habari za ndege. Mwambie mkwe wake ameilinda ramani ile miaka tisa bila uongo hata mmoja, na uongo wa kwanza ameusema kwa ajili yake. Kama ni mama ninayemdhania, hutamaliza sentensi kabla hajapandisha gauni na kuingia majini kuyang'oa mwenyewe.