Kidole cha Baba Mkwe

Jumanne, 10 Septemba 1996

Form Three tena. Somo la neva. Nimemkalisha Akinyi juu ya meza, nikampiga chini ya goti kwa rula, mguu ukaruka. Darasa zima kicheko. Miaka sita nafundisha jambo hili na bado linanishangaza. Habari inatoka gotini, inafika uti wa mgongo, amri inarudi, mguu unaruka. Ubongo haujaulizwa. Laiti ofisi zetu zingefanya kazi hivyo.

Jioni baba mkwe amerudi kutoka matangani alikopiga nyatiti, kinubi cha Kiluo, siku mbili. Anatembea vibaya. Ncha ya mguu wa kulia inaburura, kwa hiyo anainua goti juu kama mtu anayevuka maji. Sipendi.

Alhamisi, 12 Septemba

Imejulikana. Mguu hauinuki kwenda juu, na kidole gumba ndicho kibaya zaidi. Kwa mtu mwingine hilo ni kero. Kwake ni msiba. Mpiga nyatiti huvaa pete ya chuma kwenye kidole hicho, akagonga nayo ubao wa chombo. Nyuzi nane ni za mikono, mdundo ni wa mguu.

Ukumbusho wa marehemu kaka yake ni tarehe saba Desemba. Alimwahidi kaburini kwamba atampigia. Leo amesema nyatiti apewe mtoto wa dada yake anayekaa Migori. Nimeumia.

Mama mkwe anasema ni mkono wa mtu, mpiga nyatiti mwenzake mwenye wivu. Amemfunga Mzee kamba yenye dawa chini ya goti. Imekaza mpaka nyama imefura.

Jumamosi, 14 Septemba

Sikuweza kukaa kimya. Lakini mimi ni mke wa mwanawe. Mguu wa baba mkwe siugusi, hata kwa rula. Kwa hiyo Mzee alikaa sebuleni, mume wangu Otieno akawa mikono yangu, mimi nikasimama nje ya dirisha nikitoa amri. Mama alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili.

Kwanza goti. Otieno alipiga kwa mwiko, mguu ukaruka. Vizuri, huko juu mgongoni hakuna neno. Nikasema Mzee akanyage chini kwa vidole. Akaweza. Aviinue. Hapana. Kisha unyoya wa kuku, macho yamefumbwa. Chini ya unyayo alihisi, hata akacheka. Juu ya mguu, kati ya kidole gumba na cha pili, akauliza mbona hawaanzi. Otieno alikuwa anamgusa muda wote huo.

Nilifurahi. Aibu, lakini nilifurahi. Si mwili mzima, ni neva moja! Inatoka mgongoni, inashuka nyuma ya paja, inagawanyika karibu na goti, na tawi moja linazunguka mfupa mwembamba upande wa nje. Hapo liko chini ya ngozi tu, halina nyama ya kulikinga. Ndipo ilipo kamba ya Mama. Ila kamba ilikuja baadaye.

"Baba, kule matangani njuga za mguu ulifunga wapi?" nikauliza dirishani.

"Hapa chini ya goti. Kifundo ilikuwa imefura, nikapandisha. Nikakaza na mpira ya baiskeli, isianguke."

"Kwa muda gani?"

"Siku zote mbili, nyar Migori."

Ndivyo wanavyoniita hapa, binti wa Migori, kwa kuwa nilizaliwa huko. Siku mbili juu ya kigoda, goti limekunjwa, mpira umeibana neva juu ya mfupa. Mchawi ni tyubu ya baiskeli.

Jumapili, 15 Septemba

Kamba haijatoka. Mama anasema nikiigusa nimemmaliza mumewe. Nilimjibu vibaya. Najuta. Otieno ananitania, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mgeni amekuja, mwenyeji amenuna.

Jumatano, 18 Septemba

Mzee mwenyewe ameikata. Alimwambia mkewe, "Nimevaa wiki mzima, mguu ni ile ile. Wacha tujaribu ya mwalimu." Mama aliiokota kamba akaifunga kwenye leso yake.

Nimemsindikiza Mzee hospitalini Homa Bay. Daktari alimgonga kwa kidole palepale kando ya goti, Mzee akaruka, anasema ni kama umeme ulishuka mpaka mguuni. Neva haijakatika. Ikiwa imebanwa tu, itaamka. Ikiwa nyuzi zake za ndani zimekufa, zitaota upya kutoka gotini, unene wa ukucha kwa siku. Nikauliza kama Desemba itamkuta mzima. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Mguu ukunjwe kwa mkono asubuhi na jioni usikakamae.

Jumamosi, 5 Oktoba

Hakuna kitu. Kidole kimelala.

Anayekunja mguu ni Mama. Hajakosa hata mara moja, na haamini. Anatoka shambani, ananawa, anakaa chini, anakunja. Mimi naamini sana na sifanyi lolote. Namheshimu kuliko nilivyowahi kumheshimu.

Mpwa ametuma ujumbe kwamba atakuja kuchukua nyatiti mwisho wa mwezi. Naogopa nimempa Mzee matumaini ya kitabuni.

Jumapili, 27 Oktoba

Mpwa amefika. Chai imepikwa, nyatiti imetolewa ukutani. Mzee akaanza kupiga mguu wake makofi, akilalamika siafu. Mama akainua kigoda, akafagia, akatazama kila mahali. Hakuna siafu hata mmoja. Nikapiga kelele kutoka mlangoni, wakadhani nimeumwa mimi.

Ni neva! Ngozi iliyokuwa kimya wiki sita imeanza kupeleka habari, hata kama habari zenyewe ni za uongo. Mpwa alimaliza chai akarudi Migori mikono mitupu.

Jumamosi, 16 Novemba

Kimeinuka. Kidogo tu, kama kope ya mtu anayeamka. Mzee alikitazama kidole chake mwenyewe kwa adabu, kama mgeni wa heshima. Mama alitoka nje. Nilimkuta nyuma ya nyumba analia. Nikalia naye.

Jumamosi, 7 Desemba

Siku ya ukumbusho. Watu wengi. Nimechoka. Amepiga.

Jumapili, 8 Desemba

Watu wanasema jana Mzee alipiga polepole kwa majonzi. Wimbo ule hajawahi kuupiga hivyo. Wenzake wa zamani walilia.

Mimi na Mama tulikuwa jikoni tukipakua. Tunajua. Kidole bado kinachelewa. Amri inatoka, inakawia njiani, pete inagonga baadaye kidogo. Mikono yake ni mizima, ingeweza kukimbia. Haikukimbia. Kila mdundo ilikingoja kidole, wimbo mzima, mpaka mwisho. Mama alikuwa ameshika mwiko hewani. Kila pete ilipogonga, aliitikia kwa kichwa mara moja.

Leo asubuhi amemkunja mguu kama kawaida. Nimewasikia wakicheka.