Kumbukumbu za Kikao cha Kuamua Kama Mashabiki wa Radi FC Waendelee au Waache

CHAMA CHA MASHABIKI WA RADI FC, TUNDUMA

Kikao cha dharura kilichofanyika Jumapili, tarehe 27 Aprili 2025, baada ya ibada, katika chumba cha nyuma cha mashine ya kusaga ya Ndugu Fanueli Silwimba, Mtaa wa Majengo.

WALIOHUDHURIA
Boazi Sikaonga – Mwenyekiti
Lusajo Mwaisaka – Makamu Mwenyekiti
Ikupa Mwakyoma – Katibu
Roda Namfukwe – Mjumbe na mpiga ngoma
Fanueli Silwimba – Mjumbe

MWALIKWA
Samwel Nzunda – Nahodha wa timu

WASIOHUDHURIA
Nesta Sichone – kwa taarifa (msiba Nakonde, Zambia)
Clement Simbeye – bila taarifa

KUMB. NA. 1/4/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao mara tu mashine ilipozimwa na watu wakaweza kusikilizana. Alisema akidi imetimia, kwa kuwa wanachama waliobaki ni saba na waliofika ni watano.

Makamu Mwenyekiti aliuliza kama Ndugu Clement bado anahesabiwa, maana ameonekana stendi akiwa amevaa jezi ya timu nyingine. Mwenyekiti alijibu kwamba jezi ni nguo tu. Makamu aliomba maneno hayo yaandikwe kama yalivyosemwa. Yameandikwa.

KUMB. NA. 2/4/2025: TAARIFA YA SAFARI YA IVUNA

Kwa kuwa Makamu hakusafiri, Mwenyekiti alimwagiza Katibu aeleze yote, bila kupunguza na bila kuongeza. Katibu alieleza kama ifuatavyo.

Mechi ya Ivuna ilikuwa ya mwisho katika ligi ya wilaya msimu huu, na Radi ilikuwa haijashinda hata moja. Tena mechi moja ya nyuma ilivunjika kwa sababu ya upungufu wa wachezaji, na viongozi wa ligi walionya kwamba ikivunjika nyingine, Radi itafutwa. Wachezaji walitangulia kwa gari dogo la Noah wakiwa tisa, wengine hawakutokea. Mashabiki waliofuata ni Mwenyekiti, Ndugu Fanueli, Bi. Roda na Katibu. Walipanda lori la Fuso lililokuwa linakwenda Ivuna kuchukua chumvi.

Baada ya kushuka mlima, gari lilizama kwenye tope, na Ivuna ilikuwa bado mbali. Dereva alisema hatoki hapo mpaka lipatikane trekta. Mwenyekiti alishauri wasubiri gari la kurudi nalo Tunduma, akasema, "Jamani, tumefanya la kufanya." Bi. Roda alishuka, akavua viatu, akaifunika ngoma kwa nailoni aliyokuwa amejifunika yeye, akajitwisha na kuanza kutembea. Mvua ilikuwa inanyesha. Waliobaki walitazamana, kisha wakamfuata kwa aibu.

Mwenyekiti alipinga neno "aibu" na kutaka liandikwe "moyo wa kujitolea". Ndugu Fanueli alisema kwa upande wake aibu ndiyo yenyewe. Neno limebaki.

Katibu aliendelea kueleza kwamba walitembea kwa muda mrefu kwenye tope la kufika magotini. Bi. Roda ana miaka sitini na mbili na goti lake la kulia halikunjiki vizuri. Mara mbili alianguka, na mara zote mbili aliuliza kwanza kama ngoma imelowa. Ndugu Fanueli aliomba ampokee. Alijibiwa, "Wewe jishike mwenyewe kwanza, kaka."

Walipouona uwanja kwa mbali, Bi. Roda aliitoa ngoma kwenye nailoni, akaivaa shingoni na kuanza kupiga akiwa bado anatembea. Katibu alimwambia angoje wafike. Alisema, "Wajue tunakuja."

Hapo Mwenyekiti alimruhusu Nahodha aeleze yaliyokuwa yakiendelea uwanjani wakati huo. Nahodha alisema walikuwa wameshafungwa mabao matano. Wawili walikuwa wametolewa wameumia, wakabaki saba, na akitoka mmoja tu mechi inavunjika. Golikipa wao, Hezron, alikuwa amevimba jicho kiasi cha kuona upande mmoja. Nahodha alikaa chini katikati ya uwanja na kumwambia mwamuzi amalize, timu ifutwe, watu wapumzike.

"Mwamuzi akashika filimbi," alisema Nahodha. "Ndipo nikasikia ngoma. Nikadhani ni harusi. Halafu nikaujua ule mdundo. Mwamuzi akaniuliza, 'Vipi, nimalize?' Nilijikuta nimesimama."

Mechi ilichezwa mpaka mwisho. Radi ilifungwa mabao tisa kwa bila. Ngoma haikunyamaza.

Katibu alieleza kwamba timu ya Ivuna haikupunguza kasi. Nahodha wao alifika baadaye kuwasalimu mashabiki na kusema, "Watu waliokuja namna ile, ukicheza nao kwa huruma umewatukana." Kina mama wa pale walileta maji ya moto, na wageni wakanawa miguu. Mchemsha chumvi mmoja aliuliza Radi ilishinda lini mara ya mwisho. Ndugu Fanueli alimjibu kwamba ni mwaka juzi, na siku hiyo wapinzani hawakutokea. Yule bwana hakucheka. Alivua kofia, akasimama nayo mkononi, kama mtu aliyeingia kanisani ibada imeshaanza.

Katibu aliomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba amezaliwa na kukulia Tunduma, mahali ambapo watu wa kila namna hupita, lakini hajawahi kuona jambo la kumfanya ashindwe kusema kama lile. Mwenyekiti alisema Katibu anaongeza. Ndugu Fanueli alisema hajaongeza.

KUMB. NA. 3/4/2025: HOJA YA KUVUNJA CHAMA

Makamu Mwenyekiti alisema amesikiliza kwa heshima, na kwamba taarifa hiyo haikumfurahisha, imemtisha. "Mngemzika mtu kule," alisema. "Mngerudi na jeneza kwa ajili ya tisa bila."

Aliwakumbusha wajumbe mwaka 1999, Radi ilipopanda ligi ya juu na kuifunga timu kubwa kutoka Dar es Salaam pale Mbeya, enzi hizo Tunduma bado iko Mkoa wa Mbeya. Alisema naye alikuwepo, alirudi juu ya lori amepoteza sauti na kiatu kimoja, na hakuvitafuta. Malori yaliongozana kutoka Vwawa mpaka mpakani yakipiga honi, na watu wa upande wa Zambia walivuka kuja kuuliza kuna nini. Lakini timu ile, alisema, haipo tena. Wachezaji wake wengine wamefariki, wengine wamehama. "Tunashangilia jina," alisema. "Shemeji zangu wa Nakonde wakitaka kucheka siku ikae vizuri, wananipigia simu kuniuliza matokeo."

Alipendekeza chama kivunjwe na wanachama wajiunge na mashabiki wa timu mpya ya kata ya Mpemba, yenye mfadhili na basi lake.

Mwenyekiti aliuliza kama ni kweli kwamba mpwa wa Makamu anachezea timu hiyo. Makamu alijibu kwamba ni kweli na si siri. Kisha alisema Mwenyekiti hawezi kuliona jambo hili vizuri kwa kuwa yeye alikuwa mchezaji wa Radi mwaka huo. "Kaka Boazi, miaka yote hii wewe unajishangilia mwenyewe."

Wakati huo mteja aligonga akiwa na mahindi, na Ndugu Fanueli akatoka kumsagia. Kikao kilisimama kwa kuwa hakuna aliyesikika. Wajumbe walikaa wakitazama sakafu huku unga ukiwaangukia.

Mashine ilipozimwa, Mwenyekiti alisema kwa sauti ndogo kwamba siku ile ya Mbeya alikaa benchi mwanzo hadi mwisho. Hakugusa mpira. Hana cha kujishangilia. Alisema anachokumbuka ni kukaa pale na kuona wenzake wakifanya jambo ambalo hakuamini kama watu aliokula nao ugali asubuhi wanaweza kulifanya, na kwamba tangu hapo hajaweza kuiangalia jezi ile kama jezi nyingine.

Makamu alisema hakuwa anajua. Aliomba radhi kwa maneno yake ya mwisho, si kwa hoja yake. Radhi ilipokelewa.

KUMB. NA. 4/4/2025: OMBI LA NAHODHA

Mwenyekiti alimkaribisha Nahodha aeleze jambo lililomleta. Nahodha aliambiwa anaweza kuzungumza akiwa amekaa, lakini alisimama.

Alisema ametumwa na wachezaji wenzake. Walikaa baada ya kurudi kutoka Ivuna wakaongea mpaka wengine wakalia, na wamekubaliana kuwaomba mashabiki wasije tena kwenye mechi. Akamgeukia Bi. Roda.

"Mama, tunakuomba usituelewe vibaya. Sisi kufungwa tumezoea. Kufungwa huku wewe umesimama pale na miguu imejaa tope, hilo hatujazoea. Tulikuona ulivyofika. Mimi usiku silali. Hatuna cha kukulipa, na mwakani huenda tukafungwa zaidi. Tuacheni tucheze wenyewe. Tukifa, tufe bila ya mtu kutuangalia."

Makamu alisema hoja yake imeungwa mkono na timu yenyewe, na hapo hakuna cha kuongeza.

Bi. Roda aliomba nafasi. Kwa faida ya wasiohudhuria, Katibu anaandika kwamba Bi. Roda anauza mchele na maharage soko la mpakani, na kwamba katika vikao vyote ambavyo Katibu ameandika, hajawahi kuomba nafasi ya kuzungumza. Maneno yake yameandikwa kama alivyoyatamka:

"Samwel mwanangu, kaa kwanza. Umesimama kama uko polisi. Lusajo amesema habari za Mbeya. Na mimi nilikuwepo. Nilikuwa na mtoto mgongoni. Uwanja ulijaa watu mpaka juu ya miti. Nilipiga kelele mpaka nikakohoa damu kidogo. Lakini ngoja nikuambie kitu. Ningebaki nyumbani siku ile, Radi ingeshinda vilevile. Hakuna mchezaji aliyejua kwamba Roda yupo. Nilikwenda kula furaha waliyoipika wengine.

"Sasa Ivuna. Wewe ulikuwa umekaa chini, ukasikia ngoma, ukasimama. Umesema mwenyewe hapa, mbele ya watu. Mimi nina miaka sitini na mbili, nimezaa, nimezika, nimeuza mchele miaka mingi. Sijawahi kumfanya mtu yeyote asimame kwa kumwonyesha tu kwamba nipo. Ninyi mnaona mmenipa tabu. Mimi nilirudi nyumbani siku ile nikashindwa kula kwa furaha, nikakaa kitandani najiuliza, hivi ni mimi?

"Na wewe hukusimama ushinde. Ulijua unafungwa. Hezron alijua, na jicho lake lile. Mlisimama mkafungwa mengine manne mmesimama. Wale wa mwaka tisini na tisa nawapenda, lakini wao walikuwa wanashinda, mtu anayeshinda hata mbwa atamfuata. Ninyi sijui mnatoa wapi. Ndiyo maana nakuja kuangalia. Usiniambie nisije kuangalia."

Nahodha aliomba kutoka nje. Kikao kilimruhusu.



KUMB. NA. 5/4/2025: KURA

Mwenyekiti aliuliza kama Makamu anaondoa hoja yake. Makamu alisema haondoi. Alisema maneno ya Bi. Roda yamemgusa kuliko anavyoweza kueleza, lakini hofu yake ya kumzika mtu njiani iko palepale, na mtu mzima habadilishi kauli kwa sababu macho yamemlowa. Wajumbe waliiheshimu kauli hiyo.

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Wa kuvunja chama: mmoja. Wa kutokuvunja: wanne. Chama hakikuvunjwa.

Makamu aliuliza nafasi yake itakuwaje. Mwenyekiti alimjibu kwamba aliyeshindwa kura bado ni Makamu Mwenyekiti. Makamu alisema, "Sawa. Kushindwa nimeshakuzoea humuhumu." Wajumbe walicheka, na yeye alicheka.

Ndugu Fanueli alipendekeza, kwa kuzingatia hofu ya Makamu, kwamba safari za masika zipangwe mapema na kusiwe na mtu wa kutembea peke yake. Makamu alikabidhiwa kazi hiyo, akaipokea.

Nahodha alirudi ndani akiwa amenawa uso. Mwenyekiti alimweleza uamuzi na kumuuliza atawaambia nini wenzake kuhusu ombi lao. Nahodha alisema atawaambia limekataliwa. Aliongeza kwamba mazoezi ya msimu mpya yanaanza Jumanne, na Hezron ameshapata nafuu, ameomba abaki golini. Bi. Roda alimuuliza kama wana maji ya kunywa pale mazoezini. Alisema hawana. Bi. Roda alisema yatakuwepo.

KUMB. NA. 6/4/2025: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kuvumiliana, kisha akamwomba Ndugu Fanueli afunge kwa sala. Wote walisimama. Ndugu Fanueli aliwaombea wachezaji afya, akamwombea Ndugu Nesta na wafiwa wa Nakonde, akaliombea goti la Bi. Roda, akamwombea Ndugu Clement popote alipo na jezi yoyote aliyovaa. Aliwashukuru watu wa Ivuna kwa wema wao. Akasema amina.

Makamu alimkumbusha kwamba hakuomba ushindi. Ndugu Fanueli alifikiri, akasema ni kweli, amesahau kabisa. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mjumbe anayetaka sala irudiwe. Hakuna aliyetaka.

Wajumbe walitawanyika saa 12:10 jioni, mashine ikiwa imeshawashwa.

B. Sikaonga
MWENYEKITI

I. Mwakyoma
KATIBU