Utando Kwenye Kidimbwi cha Baba

Mume wangu mpenzi,

Sisi hatujambo, ila joto la mwaka huu halina huruma. Bata wameongezeka, na wawili hunifuata hadi jikoni kama wapelelezi.

Kidimbwi cha baba yako kilifunikwa na utando wa kijani, mzito kama uji, samaki wakawa wanahema juujuu. Nilihangaika na ungo siku mbili: nikitoa huku, unajaa kule. Juzi nikasema kwa sauti, makusudi, "Nitakifukia."

Kila nilipokuandikia kwamba mama hajambo, nilikuficha jambo. Tangu tumzike baba, alikuwa hatoki chumbani, na chakula alikionja tu. Niliogopa utaacha kazi uje.

Basi mlango wake ukafunguka. "Kidimbwi alichochimba mume wangu, ukifukie wewe?"

"Basi nifundishe, mama."

Akatazama majani yanavyopepea. "Upepo unausukuma utando kwenye kona ile. Usiukimbize, mwanangu. Ungojee pale."

Akaingia majini hadi magotini. Tulishika chandarua kikuukuu, kila mtu ncha yake, tukauvuta utando hadi adhuhuri, tukaumwaga migombani. Akaniamuru niwazungushie bata ua, maana kinyesi chao ndicho kinachoulisha.

Tulipomaliza aliketi ukingoni, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nilimkumbatia tu, sote tukinuka matope. Kisha akajifuta uso, akauliza kuna nini cha kula. Alimaliza sahani mbili, mume wangu, akaniagiza nikuandikie kwamba hajambo. Safari hii ni kweli.

Akupendaye,
Mkeo