Uani, Siku za Eda

Baba Mwajuma,

Asalaam aleikum huko ulipo. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, darasa la nne hilohilo, usinicheke mwandiko.

Eda imekwisha juzi. Miezi minne na siku kumi nimekaa ndani kwa ajili yako, mwanaume ambaye ulikuwa hukai ndani hata nusu saa. Kila alfajiri mbio, mzee mzima, kaptula inakupwaya, Kibamba nzima inakutazama. Nikikuuliza, "Unakimbizwa na nani?" unajibu, "Na kitanda." Halafu ukaugua mapafu, kitanda kikakukamata. Nimekukasirikia, Mungu anisamehe.

Sasa sikia. Mwezi wa pili wa eda nilisujudu nikashindwa kuinuka. Binti yako Mwajuma akaninyanyua kama gunia. Mie! Niliyekuzalia saba! Akaniletea kiti. "Mama, swali umekaa, ndio utu uzima."

Nilikichukia kile kiti. Kesho yake nikavaa raba zako, soksi mbili ndani, nikaanza kuzunguka uani, tangi la maji mpaka jikoni. Kutoka siruhusiwi, kuzunguka nani kanikataza? Nikahesabu kwa tasbihi, mzunguko mmoja punje moja. Majirani wakichungulia, "Mashaallah, mjane huyu kwa uradi!" Sikuwasahihisha. Allah anajua yalikuwa magoti.

Kuna siku miguu iligoma. Nikashika tangi, nikalia, nikakuita kwa jina. Likanijia neno lako la kupandia kilima: "Usitazame juu, tazama nguzo ya umeme iliyo mbele yako, basi." Nikatazama mlango wa jikoni. Nikafika. Na siku zile za msiba wako, ambazo hata chai haishuki, nimezipita hivyohivyo. Ulikuwa sahihi. Sirudii kusema.

Leo asubuhi nimefungua geti. Mwajuma kanizuia, "Mama, eda haijapoa, watu watasema!" Nikamwambia, wewe mtoto wa juzi ukipanda ngazi unahema kama umefukuzwa na mbwa, kavae viatu. Tumefika mpaka lami. Aliyeomba kupumzika ni yeye.

Adhuhuri nimeswali kwa miguu yangu. Sijida ya mwisho nimekuombea, nikainuka mwenyewe. Nikasimama pale kidogo, mume wangu, bila sababu.

Pumzika. Kukimbia sikuahidi, huo wazimu ulikuwa wako. Lakini nitatembea kila siku ya Mungu, na mwanao nitamtoa nje hata kwa kummwagia maji. Huyu hutampokea huko mapema.

Mkeo, Mama Mwajuma